Umetoka kwenye ndoa ngumu na masaa hayaendi? Namna ya kutafuta hobi yako, hatua kwa hatua

Maswali yanayonijia ni yale yale. Mwenzetu ametoka eda, watoto wamelala, nyumba imenyamaza, anauliza sasa haya masaa nifanye nayo nini. Mwengine anauliza hobi gani haina gharama hapa Lamu. Na mwengine, huyu ndo wengi, anasema mimi hata sijui napenda nini, nianzie wapi. Hilo la mwisho ndo limenifanya nikae niandike yote mahali pamoja, manake kila mtu akiliuliza analiuliza kwa aibu kama kwamba ana kasoro, na hana kasoro yoyote.

Ukikaa miaka na mtu anayekuchagulia nguo ya kuvaa, mgeni wa kumkaribisha, saa ya kwenda kwa mamako mpaka chumvi ya mchuzi, kuchagua kwenyewe kunasahaulika. Sasa ukiambiwa "tafuta kitu unachokipenda" ni kama umepewa mtihani wa darasa ambalo hukusoma. Kwa hivyo mimi sikwambii utafute kipaji wala kitu cha kukubadilisha maisha. Nakwambia urudie kuchagua, vitu vidogo, kila siku, na hobi ndo mahali pazuri pa kufanyia hilo kwa sababu ukikosea hakuna anayelala njaa.

Nimeandika zaidi kwa akina dada kwa sababu ndo wanaoniuliza, lakini kaka nawe ukiwa umeachana na mkeo na kila jioni ni baraza na miraa mpaka usiku wa manane, soma tu, hatua ni zile zile.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mambo ya talaka yawe yameshikika. Cheti kwa kadhi, matunzo ya watoto, vyombo vyako viko wapi. Si lazima yawe yamekwisha, lakini yawe na tarehe na mtu anayeyafuatilia. Ukiwa bado unapigiwa simu kila siku kuhusu kabati, kichwa hakitulii. Na kama bado uko ndani ya eda haikuzuii, kazi za mikono zinafanyika ndani ya nyumba vizuri kabisa, chagua hizo kwanza.
- Usalama. Kama mtalaka wako bado anakutisha, anakufuata njiani au anakuja kugonga mlango usiku, hilo litangulie kuliko chochote nitakachosema hapa. Namba 1195 ni ya bure, inapokea simu za watu wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia Kenya nzima. Mwambie na mtu wa kwenu, usikae nalo peke yako.
- Saa moja. Si siku nzima, saa moja, mara tatu kwa wiki. Wengi hapa inawafaa baina ya alasiri na magharibi.
- Pembe. Mahali pa kuweka vitu vyako visiguswe. Sanduku, kikapu chenye kifuniko, kona ya darini, popote.
- Pesa kidogo. Mwezi wa kwanza usizidishe shilingi 500. Nitaeleza mbele kwa nini.
- Mtu mmoja anayejua. Shoga yako, dadako, shangazi. Mmoja tu.
- Daftari na kalamu. Simu usitumie kwa hili, ukiishika simu utaishia kuangalia status yake.

Hatua

1. Andika orodha tatu, usichuje chochote

Chukua daftari, gawa ukurasa sehemu tatu. Ya kwanza andika vitu ulivyokuwa ukivifanya kabla ya kuolewa ukaviwacha. Kuruka kamba, kuchora hina, kwenda shamba na babu, kusoma hadithi, kuimba kwenye maulidi ya shule, vyote. Ya pili andika vitu ulivyokuwa ukitaka ukakatazwa, au hukukatazwa kwa mdomo lakini ulijua ukivigusa kutakuwa na maneno. Ya tatu andika vitu ukiona mtu anafanya unasimama kidogo kutizama. Hiyo ya tatu usiidharau. Kama kila ukipita mtaa wa Langoni unachungulia yule mzee anayeshona kofia, au ukiwa pwani ya Shela unawaangalia watoto wanavyojitupa majini, moyo wako umeshakwambia kitu.

Usijibu siku hiyo hiyo. Wacha daftari siku mbili tatu, utaongeza mengine yenyewe ukiwa unakuna nazi.

Kosa la hapa: kuandika vitu "vya maana" ili hata mtu akisoma akusifu. Hakuna atakayesoma. Kama unataka kujifunza kuendesha mashua andika, kama ni kukusanya makombe ya pwani andika.

2. Chuja kwa maswali manne

Kila kitu kwenye orodha kiulize haya:

Je, naweza kuanza wiki hii na nilicho nacho?
Je, kinafanywa na mikono au miguu, au ni cha kukaa na kufikiri tu? (Miezi ya mwanzo chagua cha mikono au miguu. Ukikaa unafikiri tu, mawazo yatarudi kule kule.)
Je, kina mwisho unaoonekana, yaani kuna siku nitasema nimemaliza hiki nianze kingine?
Je, nakifanya kwa ajili yangu, au kuna mtu nataka akione aumie?

Swali la nne lijibu kweli. Wako wanaojifunza kupika keki kwa sababu mke mpya hajui kupika keki, na hiyo hobi haidumu, kwa sababu siku yule mtu akiwa hajali tena, na wewe hamu inakufa. Kama ndo hivyo kifute, chukua kinachofuata.

Vinavyobaki mara nyingi kwa watu wa huku kwetu ni hivi, navieleza kwa ufupi upate picha:

*Kusuka ukili*, yaani ule utepe unaoshonwa mikeka na vikapu. Rahisi, miaa, ndo majani yenyewe ya kusukia, inapatikana, unaweza kusuka huku unapiga soga au huku uji unachemka. Nitakieleza kwa urefu hatua ya sita.

*Kushona kofia.* Hii ni sifa ya Lamu na ni nzuri mno kwa anayependa kazi ndogo ndogo ya kuinamia. Lakini kofia moja ya mkono inakula wiki nyingi, wengine miezi, na macho yanachoka. Kwa mtu ambaye anahitaji kuona mwisho haraka si ya kwanza, ni ya pili.

*Maua na majani ya harufu.* Mrehani, asumini, makopo matupu ya mafuta yaliyotobolewa chini, udongo na samadi ya punda ambayo Lamu hukosi, ila ikae ioze kwanza, mbichi inaunguza mizizi. Mrehani ukichomeka tawi kwenye maji linatoa mizizi siku chache tu. Na ukishachanua, jifungie kikuba chako mwenyewe ukiweke kifuani ndani ya nyumba yako. Nani alisema kikuba ni mpaka awepo mume wa kukinusa?

*Kutembea.* Kutoka mjini mpaka Shela kwa miguu ni kama dakika 45, angalia maji tu kwa sababu yakijaa sana njia ya pwani pengine inafunikwa. Wa Malindi mna ufuo mrefu mbele ya mji, alfajiri hakuna mtu. Nendeni wawili.

*Kuogelea.* Wengi wetu tumezaliwa kisiwani na hatujui kuogelea, hasa wanawake. Mimi naiona hii hobi kubwa kuliko zote, kwa sababu mwili uliokuwa ukijikunyata kila mlango ukifunguliwa unajifunza upya kulegea. Lakini ina masharti. Mtu anayejua awe nawe, maji yasizidi kifua, na usiende upande wa bahari kuu kule mbele ya Shela wakati wa kusi, upepo wa kusini, mawimbi ni makali. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, bahari imetulia zaidi. Kwenye mkondo baina ya Lamu na kisiwa cha Manda pia usiende mbali, maji yanayotoka yanavuta. Jambo la kwanza la kujifunza ni kuelea chali, kuvuta maji kwa mikono baadaye. Masikio yaingie majini, kidevu juu, pumzi ijae kifuani, mwenzio akushike mgongoni kwa kiganja tu. Dera likinyonya maji ni zito, vaa suruali na fulana ndani, kitambaa chepesi.

3. Chagua kimoja. KIMOJA.

Wiki nne kimoja tu. Najua ukishafunguliwa unataka vyote, ukili na keki na Kituruki na baiskeli. Wiki ya tatu vyote vimelala uvunguni na wewe unajiambia ndo maana alisema sina msimamo. Hapana, si msimamo, umebeba vingi tu.

Ukishindwa kuchagua kabisa, andika vitatu kwenye vikaratasi, kunja, okota. Ukiokota ukahisi moyo umeshuka, basi umejua kwamba ulikuwa unataka kingine, chukua hicho kingine.

4. Tafuta mtu wa kukufundisha, si YouTube peke yake

YouTube sawa, lakini bando linaisha na mkono wako haiushiki kukusahihisha. Hapa kwetu kila mtaa una mama anayejua. Kwa mikeka na vikapu watu wa vijiji vya Matondoni na Kipungani ndo wenyewe, na hata ndani ya mji wapo waliotoka huko, au Siyu au Faza, uliza tu.

Namna ya kumuendea: nenda alasiri akiwa amekaa ukumbini, toa salamu zako vizuri, uliza hali za watoto. Chukua sukari nusu kilo au majani ya chai, usichukue pesa mkononi siku ya kwanza, utamvunjia heshima. Kaa utizame. Msaidie kuchana miaa. Mwambie "Mama, nataka na mimi mkono wangu ujue hii." Usimuhadithie talaka yako, anaijua, mji mdogo. Wengi wao wamepitia hayo hayo na hawatakuuliza neno, watasogeza mkeka ukae. Ukili mnasuka wote mmeinama, kila mtu macho yako kwenye kazi yake, na mtu anasema jambo zito bila kutazamwa usoni. Kwa mtu aliyechoka kuulizwa maswali hapo ni pahali pa kupumzikia.

Onyo: usichague mwalimu ambaye ni wifi yako wa zamani au mtu wa nyumba ya upande ule, hata awe hodari vipi. Kila utakalosema litafika.

5. Itangaze saa yako ndani ya nyumba

Waambie watoto, mwambie mamako kama mmerudi kwake: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baada ya alasiri mimi niko na kazi yangu mpaka magharibi. Sema wazi, tena mapema. Ukisubiri upate nafasi hutaipata, kwa sababu binti aliyerudi nyumbani anaonekana ana mikono miwili ya bure na kila mtu ana kazi ya kuipa.

Mamako akisema "hebu kwanza nishikie hiki", shika, usigombane, lakini rudi. Baada ya muda wanazoea. Watoto wadogo wape miaa mibovu wachezee pembeni.

6. Anza. Mfano wa ukili, tangu mwanzo mpaka kitanga kimoja (kimkeka kidogo cha mviringo)

Naueleza huu kwa sababu ndo ninaoulizwa zaidi, na hata ukichagua kingine utaona namna ya kukata kazi kubwa iwe vipande.

Vya kununua: tita moja la miaa iliyokaushwa, hii inatoka kwenye mkoma, mti wa jamii ya mitende. Anayeanza achukue nyeupe isiyotiwa rangi, rangi baadaye. Sindano kubwa ya kushonea magunia, au ile ndefu ya shazia ukiipata. Kitambaa cha pamba. Makasi na kisu kidogo unavyo jikoni.

a) Chagua miaa isiyo na madoa meusi. Chana ukingo mgumu wa kila upande uutupe, ibaki sehemu laini ya kati, halafu igawe chane zenye upana sawa, kama nusu sentimita. Hapa usiharakishe. Chane zikiwa hazilingani upana, ukili utapinda na hakuna utakalofanya mbele ukanyooka.

b) Zilowanishe. Si kuziroweka usiku kucha, zitabadilika rangi na kunuka. Zitie maji, zitoe, zifunge kwenye kitambaa kibichi kama robo saa. Kavu zinakatika, na zikishiba maji zinavimba, halafu zikikauka ukili unalegea.

c) Chukua chane tano. Nyingine ziweke upande mnene juu, nyingine upande mwembamba juu, ili zisiishe zote pamoja. Zifunge kichwani kwa uzi, kichwa kikanyage kwa kidole gumba cha mguu au kifunge kwenye mguu wa kiti.

d) Zigawe: tatu kushoto, mbili kulia. Ya pembeni kabisa kushoto ipitishe juu ya jirani yake, chini ya inayofuata, iingie katikati ijiunge na za kulia. Sasa kulia ziko tatu. Ya pembeni kabisa kulia nayo juu ya jirani yake, chini ya inayofuata, iingie katikati ijiunge na za kushoto. Basi ni hivyo tu mpaka mwisho, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kila mara ni ile ya pembeni kabisa ndo inayotembea.

e) Kaza kila ukivuka, kwa kuvuta pande mbili sawa sawa. Mistari ya kwanza itakuwa mibaya, usiifumue! Endelea. Ukifika kama urefu wa mkono, mkono wenyewe utakuwa umeelewa na macho yataanza kutembea pengine.

f) Chane ikibaki upana wa vidole vinne, lalisha mpya juu yake na uzisuke mbili pamoja mizunguko michache, ncha itoke upande wa nyuma. Usiunge mbili pahali pamoja, patakuwa na nundu.

g) Ukifika pima mbili (pima moja ni mikono miwili ikinyooshwa, ncha ya vidole mpaka ncha ya vidole), funga mwisho, kata vincha vya nyuma kwa makasi.

h) Sasa kitanga. Lowanisha ukili, anza kuuviringisha ukiwa umelala bapa, ukingo kwa ukingo, ushone kwa uzi wa mwaa mwembamba au uzi mgumu wa pamba. Katikati ndo pagumu, pindisha kidogo kidogo ukibana kwa kidole gumba. Pima mbili itakutolea kitanga cha kukaribia sahani ya wali, cha kuwekea sufuria au birika la chai.

Usiku wa kwanza vidole vitauma, hasa kidole gumba na cha shahada. Paka mafuta ya nazi.

7. Usiuze

Hapa ndo ninapobishana na watu wengi, na nitashikilia. Kitanga cha kwanza hakijakauka, mtu anakwambia "mashaallah, ungeuza hivi kwa watalii". Ananuia mema. Na pengine pesa unazihitaji kweli, sikatai, mwenye watoto na matunzo hayaji hana anasa ya kukataa shilingi.

Lakini kama una njia nyingine ya kula, vitu vya miezi mitatu ya kwanza usiviuze. Kwa sababu ukishauza kuna mtu mwengine atakaechagua rangi, atakaepanga bei, atakaekwambia hiki kimepinda, na wewe ndo kwanza umetoka kwenye nyumba ambayo kila kitu chako kilikuwa kinatiwa kasoro. Kitumie mwenyewe, mpe mamako, mpe aliyekufundisha. Na ukiwa lazima uuze, basi gawa: hivi vya kuuza, hiki kimoja changu, na cha kwako kifanye kwa rangi unayotaka wewe hata kama haiuziki.

Na mambo ya kuposti kila hatua kwenye status pia subiri. Ukiposti utakaa unahesabu nani ameona, na jina moja utalitafuta kwenye ile orodha hata ukijifanya hulitafuti.

8. Baada ya wiki nne, jipime

Usijipime kwa uzuri wa kazi. Jiulize: kuna mara ulinyanyua kichwa ukakuta magharibi imeingia na hukujua? Umewahi kukifikiria asubuhi ukiwa unapika mahamri? Umelala vizuri zile siku? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, endelea wiki nne nyengine. Kama ni hapana kwa yote, rudi kwenye daftari uchukue kinachofuata, na usione umeshindwa, umechagua ukaona si chako, na kuchagua ndo tulikokwenda.

Makosa ninayoyaona sana

Kununua vifaa vya bei kabla ya kujua. Cherehani ya mkopo, kamera ya mkopo. Ndo maana nilisema 500. Ukishakuwa na deni, hobi inageuka mzigo.

Kuchukua hobi yake. Yeye alikuwa mtu wa kuvua, na wewe unaanza kuvua. Kama ulikuwa ukipenda tangu zamani sawa, lakini jihoji, pengine unamtafuta yeye kule.

Kuingia grupu la WhatsApp la hobi ambalo kwa kweli ni la umbea. Siku tatu tu utajua. Toka kimya kimya.

Kufanya hobi iwe njia ya kutafuta mume. Ikitokea, kheri. Lakini usiende Shela kuogelea ukiwa na wanja.

Ukikwama

*Nikikaa peke yangu na kazi nalia.* Lia, mikono iendelee. Kwa wengi inapungua kadiri siku zinavyokwenda. Lakini kama huli, hulali wiki kwa wiki, au unapata mawazo ya kujidhuru, hiyo si ya ukili wala mrehani, mwambie mtu wa karibu leo na uende ukamuone daktari, hospitali ya King Fahd hapa Lamu au hospitali iliyo karibu nawe.

*Watu wanasema, ameachwa na anacheka, anaenda pwani.* Watasema ukicheka na watasema ukilia. Nenda na mtu, rudi kwa saa yako, usijieleze kwa mtu ambaye hakukuuliza kwa wema.

*Hamu imekatika katikati.* Angalia kama kazi ni kubwa mno. Kata ndogo. Badala ya mkeka kitanga, badala ya kofia kitambaa cha kujaribia mshono. Ikiwa bado, pumzika wiki moja, halafu rudi kwa nusu saa tu.

*Nilipoona aliyenifundisha anavyosuka nilikata tamaa.* Mikono ya yule mama imesuka tangu utoto wake. Linganisha ukili wako na wa kwako wa wiki iliyopita.

*Mtalaka amesikia, anapiga simu kuuliza "umeanza mambo gani".* Huna haja ya kumjibu. Zungumzeni ya watoto tu, na kama hata hayo hayazungumziki kwa amani, apitie kwa mjomba au kwa kadhi.

*Miaa inakatika kila nikipinda.* Imekauka sana, au ni miaa iliyozeeka mtini kabla ya kukatwa. Lowanisha tena, ikikatika bado, badilisha tita, si mkono wako.

*Ukili umeota ukungu.* Msimu wa mvua za kusi hilo ni la kawaida. Futa kwa kitambaa kikavu, anika juani, na usihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, tundika mahali pana upepo.

*Kitanga kinanyanyuka pembeni kama bakuli.* Unavuta sana ukili wa nje wakati wa kushona. Fumua mzunguko wa mwisho, ulegeze kidogo. Kikifanya mawimbi, ni kinyume chake, umelegeza mno.

*Nimemaliza kitanga, sasa?* Chukua chane saba, nne kushoto tatu kulia. Ya pembeni ipite juu, chini, juu, iingie katikati, halafu upande wa pili vile vile. Utapata ukili mpana zaidi, na huo ndo wa kuanzia kikapu cha sokoni.